Mzee Zablon Akataa Soda

Mzee Zablon alikataa kiti, akakataa soda, akakataa hata kuitikia shikamoo ya binti wa mlangoni. Tangu atoke kijijini kwake Hombolo alikuwa anasaga meno.

"Anyesi yuko wapi?"

Ukumbi ule wa harusi pale Chang'ombe mjini ulikuwa umefurika: mama lishe, bodaboda, walimu, wakulima wa zabibu na vumbi lao miguuni. Ukutani walitundika bango: KRIPTO KWA WANAOANZA, KARIBUNI NYOTE. Chini yake alisimama Denis, kijana wa suti ya bluu na raba nyeupe, maiki mkononi, meno yote nje.

Zablon alitamani ayang'oe moja moja. Mwaka jana yalimchekea yeye hivyo hivyo. Akauza kundi zima la ng'ombe, madume, majike, mpaka ndama. Hela ikaingia kwenye simu, ikageuka sarafu za mtandaoni, na sarafu zikapanda, zikapanda, mpaka siku aliyotaka kuzitoa. Siku hiyo simu iliandika "subiri". Mpaka leo inaandika "subiri".

Kijijini hakumwambia mtu. Mtu mzima aanzie wapi? Angekaa na uchungu wake mpaka kaburini, kama asubuhi ile Ruthu asingemjia analia: "Baba mkubwa, mama kachukua ada yangu ya chuo, kaenda nayo mjini kwenye mambo ya kripto."

Anyesi, mjane wa mdogo wake, alikuwa safu ya mbele, simu mkononi.

"Inuka twende nyumbani."

"Shemeji! Shikamoo. Na wewe umekuja?"

"Inuka, nimesema!"

"Kaa basi, unawaziba wenzako. Mimi hapa nimealikwa. Denis mwenyewe kanipigia simu, kaniita mama."

"Hiyo hela ni ada ya Ruthu!"

"Mtoto nimezaa mimi, ada yake naijua. Ndiyo maana nataka izae."

Vichwa viligeuka. Denis naye aligeuka, akamwona. Zablon alikaza mikono, akingoja ama kijana akimbie, ama aite walinzi. Denis hakufanya hata moja.

"Mzee Zablon! Jamani, mpisheni mzee. Mpeni maiki aseme."

Mjinga huyu, Zablon aliwaza. Kajichimbia shimo mwenyewe. Akaipokea ile maiki kama mtu anayepokea fimbo.

"Mnanijua mimi?"

"Tunakujua, mzee!"

"Nilikuwa na ng'ombe."

"Wengi!"

"Leo sina hata mmoja! Nendeni mkachungulie zizi langu, limeota nyasi. Na aliyewala ni huyu hapa, mwenye raba! Hakuna cha kripto wala nini, ni wizi mtupu! Mnaniona mimi? Mimi ni maskini. Nasema mbele yenu wote, maskini!"

Halafu huko nyuma mtu akacheka.

Alikuwa mzee wa rika lake, wa Hombolo huko huko, kajifunga shuka, anajifuta machozi. "Zablon bwana! Wewe ni baba yako mtupu. Marehemu naye alikuwa analia hivyo hivyo, zizi tupu, sina kitu, kumbe ng'ombe wamejaa Bahi, wamejaa Manyoni!"

Sasa walicheka wote. Hakuna Mgogo mle ndani asiyelijua jambo hilo. Mwenye mali ya kweli halazi mifugo yote kwake. Huigawa kwa marafiki wa vijiji vya mbali wamchungie, kisha huketi kando ya zizi tupu akilia njaa, asije akaombwa. Kadiri anavyolia sana, ndivyo watu wanavyojua ana mali nyingi.

"Safari hii kawaficha kwenye simu!" mama mmoja alidakia, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Nimeibiwa!" Zablon alifoka. "Nyie watu, mna masikio? Nimeibiwa! Anyesi, naapa kwa kaburi la mdogo wangu..."

"Shemeji." Anyesi hakuwa anacheka. "Mtu akiibiwa ng'ombe hupiga yowe siku hiyo hiyo, kijiji kizima kikatoka. Wewe umenyamaza mwaka mzima, leo umeniona mimi hapa ndiyo unapiga yowe? Mume wangu angekuwa hai usingenibania hivi."

Alimpita, akaenda kwenye meza ya kujiandikisha. Alikuwa wa kwanza. Nyuma yake viti vililia sakafuni, watu wakasukumana kuwahi foleni, na hata wale waliokuwa wameshafika mlangoni kuondoka walirudi.

Zablon alibamiza maiki chini. Alivuka ule msongamano kwa mabega, watu wakimpigapiga mgongoni, "mzee, tuelekeze na sisi", akamfikia Denis, akamkaba shati mpaka kifungo kikaruka.

"Leo nakuua."

Denis hakujitetea. Aliinama taratibu mpaka sikioni kwake, kwa adabu, kama mjukuu anayemnong'oneza babu.

"Jumamosi tuko Mvumi, mzee wangu. Dada yako Evarista nimeshamwalika. Njoo umzuie na yeye."