Kakakuona na Gogo la Mpingo

Kakakuona aliyeonekana msituni aliletwa uwanjani. Kama ilivyo desturi, mbele yake wazee waliweka maji, mtama na mkuki, ili achague mwaka utakuwa wa mvua, wa shibe au wa vita. Askari wa wanyamapori walimlinda kwa bunduki, huku chai yao ikichemka juu ya magogo ya mpingo.

Nyamizi, mwalimu wa elimu ya mimea, hasira zilimpanda. "Huyu anatoweka, mnamlinda. Mpingo nao unatoweka, mnauchoma!"

"Mama, huyu ni mnyama," askari mmoja alicheka. "Hizo ni kuni tu."

Nyamizi aliipiga teke sufuria ya chai, akachomoa gogo motoni na kulibwaga kando ya mkuki.

Kakakuona akainua pua, akayapita maji, akaupita mtama, akaufuata moshi hadi kwenye gogo, kando ya mkuki.