Kifungo cha Kumi na Tano

Karatasi ya kubeti iliposhinda, msusi hakwenda kuchukua hela. Aliikunja mara nne, akaifungia kwenye kikopo cha pini za nywele, akajisemea, "Sasa nimekupata, mshenzi wewe."

Mshenzi mwenyewe alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Miaka miwili nyuma, mdogo wake msusi, fundi rangi mwenye mikono mizuri, alikwenda pale kushonewa ovaroli iliyochanika. Ovaroli ilimalizika siku hiyo hiyo, yeye akabaki kwenye benchi miezi sita, fundi akimfundisha kubeti. Alipotoka pale alikuwa ameuza kiwanja cha mama yao. Akatoroka kwa aibu, na mpaka leo hajulikani alipo. Mama bado anamfunikia sahani ya chakula kila jioni, halafu asubuhi anaila mwenyewe, baridi.

Na sasa fundi, eti ameacha! Hilo ndilo lililomchoma msusi. Mtu aharibu nyumba za wenzake, kisha ajifute mdomo na kuitwa muungwana?

Kila Jumamosi asubuhi fundi alikuwa anakaa na wenzake wanaotaka kuacha kamari, kwenye darasa la shule ya msingi, juu ya viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Kila mmoja anasema wiki imekwendaje. Fundi alimshonea kila mtu utepe wa kitambaa wenye alama ya kazi yake: usukani kwa dereva, mwiko kwa mwashi. Wiki ikipita bila kubeti, unashona kifungo kimoja. Ukibeti, unavikata vyote, unaanza upya.

Mke wa fundi, aliyeondoka na watoto, alikuwa amemwambia neno moja tu: vifungo kumi na tano, narudi. Fundi alikuwa navyo kumi na nne.

Msusi aliingia kundini wiki nane zilizopita, akasema yeye hachezi, amekuja kwa ajili ya mdogo wake. Fundi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Nilimharibu mimi. Nisamehe, dada." Msusi akajibu amesamehe. Alisamehe kwa mdomo. Fundi aliviangalia vidole vya msusi, vilivyochafuka wino wa kalamu, ingawa kusuka hakutaki kalamu.

Mpango ulikuwa rahisi. Fundi hawezi kushawishiwa kwa maneno, lakini karatasi iliyokwisha kushinda ataikataaje? Ataipeleka mwenyewe kwenye dirisha la malipo la duka la kubeti. Na fundi akishaingia mle ndani, na hela mkononi, hatoki. Mke atamkuta hukohuko.

Ila karatasi ya kushinda haiokotwi, lazima ubeti. Msusi alidhani wiki moja ingetosha. Ikawa miezi mitatu. Drai ya saluni iliuzwa, wateja akawaambia iko kwa fundi umeme. Kioo kikubwa nacho kikaenda. Mwezi uliopita ilikwenda kodi. Wateja walianza kulalamika kwamba anafunga saa nane mchana, na kwamba anasuka jicho likiwa kwenye simu. Gharama za kazi, alijiambia. Yule mtu atanilipa kwa machozi.

Jumamosi ya wiki ya kumi na tano alimngoja kwenye veranda ya darasa. Fundi alikuja amevaa shati la pasi, kifungo cheupe amekifumbata kiganjani. Mkewe angefika saa sita na watoto. Alikuwa na furaha ya kijinga, anasalimia hata miti. Msusi alimchukia zaidi.

"Fundi, nimeiokota hii mlangoni kwangu," alisema. "Naambiwa imeshinda. Mimi mambo hayo siyajui. Kawanunulie watoto viatu."

Fundi aliishika, lakini vidole vya msusi vilichelewa kuachia, ikabidi aivute kidogo. Akasoma timu moja moja, midomo ikicheza. Saba, zote zimepatia. Jasho likamtoka. Kifungo kikamponyoka, kikadunda sakafuni, wala hakukitazama.

Msusi alihisi raha mpaka kwenye unyayo. Hapo hapo, mshenzi wewe. Piga magoti.

"Ni hela nyingi sana, dada."

"Basi wahi. Jumamosi dirisha la malipo wanafunga saa sita kamili."

Fundi aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Alimtazama msusi, yule asiyeyajua mambo hayo, na jasho likaanza kumkauka. Kisha akaichana. Akaichana tena, na tena, bila haraka, kama mtu anayechana kitambaa kibovu, mpaka vipande vikawa vidogo kama kucha, akaviachia vidondoke.

Msusi alikusudia kumtukana. Tusi alikuwa nalo tayari, la miaka miwili. Lakini alikuwa ameshafika chini, magoti kwenye saruji, anakusanya vipande kwa mikono miwili, anatafuta kile chenye namba, kwa sababu ukiwa na namba wakati mwingine wanakulipa.

Fundi alichuchumaa karibu naye, akaokota kifungo chake. Kisha akatoa mfukoni utepe uliochakaa kwa kukaa humo wiki nane, umetariziwa chanuo, hauna kifungo hata kimoja, akauweka juu ya vile vipande.