Vyombo Viwili Ndani ya Beseni

Evarista aliingia jikoni na kumkuta mama mkwe wake akimimina maji yanayochemka juu ya kikombe kimoja na sahani moja ndani ya beseni. Vyombo vingine vya chai vilikuwa bado vichafu.

Kwa wiki tatu alikuwa akimwona kupitia dirisha la jikoni akifanya hivyo kila baada ya kula. Aliamini ni vyombo vyake, kwamba mama anamwona mchafu. Asubuhi hii ya baridi mtaani Kihesa, uvumilivu ulimwishia.

"Mama, mbona vyombo vyangu unavitenga?"

Evarista alitumbukiza mkono akakitoa kikombe, maji yakamuunguza vidole. Kilikuwa kile cha kijani, kilichobanduka rangi ukingoni, ambacho hakuna anayekitumia isipokuwa mama mwenyewe.

"Si vyako, mwanangu."

Mama alikohoa kwa muda mrefu, akajifuta mdomo kwa pindo la khanga. Pindo likabaki na damu.

Evarista aliuliza, "Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Niliogopa kuwaambukiza wajukuu."

Mama akanyoosha mkono apewe kikombe chake amalizie kukiosha. Evarista hakumpa.

"Vaa viatu, mama," alisema. "Tunakwenda hospitali sasa hivi."