Karibu Iliyomponyoka

Wageni wa hoteli walianza kwa kutazama ngoma uwanjani. Baadaye wakapelekwa sokoni, kisha majikoni, na sasa mji ulikwisha kuzoea kusikia viatu vyao hata vyumbani. Kwa Somoe walikuwa hawajafika. Mtoto wake alikuwa bado hajatimiza arobaini, na kabla ya hapo mtoto mchanga haonyeshwi mgeni. Aliyemtangulia alionyeshwa, na hakumaliza wiki.

Alikuwa akinyonyesha nyuma ya pazia aliposikia hodi.

"Karibu," akajibu.

Mdomo ulijibu wenyewe, kama ulivyofunzwa tangu utotoni. Papo hapo viatu vingi vikaingia ukumbini.

"Hujambo, shemeji?" Alikuwa Faki, mdogo wa mumewe, mtembeza wageni. "Nimekuletea watu. Wanataka kuona mzazi anavyotunzwa."

"Faki, warudishe. Unajua nina mchanga humu."

"Si umesema karibu mwenyewe? Nimeshawafasiria, wamefurahi kweli. Sasa niwaambie kwetu karibu maana yake tokeni?"

Wageni wakacheka bila kuelewa. "Karibu, karibu," wakaitikia kwa pamoja, maana ndilo neno walilolijua.

Somoe akamfunika mtoto kwa kanga, uso na yote. Mtoto aliyekatizwa ziwa akaangua kilio. Kule ukumbini vicheko vikakoma, viatu vikasogea. Pazia likatikisika, na vidole asivyovijua vikashika ukingo wake, taratibu, kwa adabu.