Kiti cha Palwasha

"Safari hii utakaa kwenye meza kubwa, dada, si chumba cha pembeni," mgeni alisema, na Palwasha akacheka kwa furaha.

Alikuwa hakimu Kabul kabla ya kukimbilia Toronto. Tangu hapo, kila mazungumzo ya amani yalipoitishwa, aliomba wanawake wa Afghanistan washirikishwe, na kila mara aliambiwa asubiri. Leo mjumbe huyu wa waandaaji wa mazungumzo, mwanamke wa kwao, alikuwa amemfuata hadi kwenye fleti yake katika mtaa wa Weston.

Palwasha akainua birika kumwongezea chai.

"Ila wakubwa watataka kujua unamsemea nani," mgeni aliendelea kwa upole. "Tutajie wanawake walioko ndani ya nchi. Kwa mfano yule mwalimu wa Herat, anayefundisha wasichana kwa siri nyuma ya duka la fundi cherehani."

Mkono wa Palwasha uliganda, birika bado limeinama. Habari za duka lile hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Chai ilijaa kikombe, ikafurika kwenye kisahani, ikatiririka mezani hadi kwenye mkono wa mgeni. Mgeni hakuuondoa. Alikuwa akimtazama usoni.

"Mwalimu gani?" Palwasha aliuliza.

"Dada, kiti ni kimoja. Usipotaja, atapewa mwingine."

Palwasha alifikiria miaka yote aliyokipigania kiti hicho. Huenda huyu alikuwa mjumbe wa kweli. Huenda.

Aliweka birika chini, akaenda kufungua mlango.

"Viatu vyako hivi hapa," alisema.