Pembe ya Ukurasa

"Fungua popote, mama," mwanangu aliniambia. "Usinihurumie."

Kesho yake angepimwa macho. Akifaulu, angeacha kulinda mpaka kwa miguu, aende kusomea urubani wa ndege za doria za polisi. Wenzake kituoni walishaanza kumwita Mwewe.

Kitabu cha kipimo hicho alikiazima, akashinda nacho wiki nzima. Kila ukurasa ulikuwa na duara la vidoti vya rangi, na ndani ya vidoti imefichwa namba. Mimi niliishia darasa la saba, lakini namba zile niliziona zote.

"Sabini na nne," alisema. "Sita. Arobaini na tano. Leta ngumu basi, hizi za watoto."

Hakukosea hata moja. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha nikamtazama vizuri. Macho yake hayakuwa kwenye duara. Kila nilipofunua, yalishuka kwenye pembe ya chini, penye namba ya ukurasa.

Nikamkumbuka marehemu baba yangu. Alikuwa akichuma nyanya mbichi akidhani zimeiva, na sisi wanawe tukicheka.

Nikafunua tena, nikaweka kidole gumba pale pembeni. Katikati ya duara palikuwa na nane, nyekundu kama nyanya iliyoiva.

Akakivuta kitabu, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Toa kidole, mama," alisema taratibu. "Nakuomba."

Nikakitoa.

"Nane," akasema, wala hakulitazama duara. "Sasa niombee."