Kibuyu cha Mama Kilichobaki Keringet

Kiprugut hakuwa na mke tena, hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na hakuwa na kibuyu cha mama yake.

Vitu vingine vya kale alikuwa navyo tele. Sebule yake mjini Nakuru, orofa ya nne, ilijaa taa za karabai, pasi za makaa na vibuyu vya kununua, vyote vimepakwa vanishi vikang'aa.

Lakini kile cha mama kilikuwa kwao Keringet, alikokwenda kutembea, mikononi mwa mke wa mdogo wake, ambaye sasa alikuwa akimmiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka humo.

Kiprugut alikikodolea macho. Karibu na shingo palikuwa na ufa ambao mama aliushona kwa uzi wa ngozi, kwa mishono midogo kama meno ya mtoto. Akaonja. Maziwa yalikuwa yale yale ya utotoni, na harufu yake ya moshi. Wivu ukampanda.

"Mimi ndiye kifungua mimba," alisema. "Kibuyu hiki ni changu."

"Ukakipake vanishi, shemeji?" Mwanamke alicheka. "Kibuyu kisipotiwa maziwa kinakufa. Siku ukiwa na ng'ombe wako wa kukamua, njoo ukichukue."

"Umesema?"

"Nimesema, mbele ya Mungu."

Aliporudi nyumbani hakuvua hata koti. Alimwandikia mfugaji mmoja wa Ndabibi: "Nataka ng'ombe anayekamuliwa. Awe mpole, asiyeogopa ngazi."

Akailamba bahasha, akaifunga, akashuka orofa zote kwenda posta.